Barua ya wazi kwa mlioshika ufunguo wa ukumbi wetu wa sinema

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Waheshimiwa Madiwani,
na wote mliokabidhiwa majengo ya umma katika mji wetu.

YAH: UKUMBI WA SINEMA, FILAMU TULIYOITENGENEZA JUU YAKE, NA ALAMA YA X

Assalaam aleikum, na kwa wasio wa salamu hiyo, salaam za heshima.

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu. Nimeanza hivyo kwa sababu ndivyo zilivyoanza barua zetu nne zilizotangulia. Zote zilipigwa muhuri wa kupokelewa pale masjala, zikaingia ndani, na hatukuzisikia tena. Hii ya tano haipiti masjala.

Jina la mji sitalitaja, wala la ofisi. Wenzangu kwenye kamati wameniuliza kwa nini. Sababu ya kwanza ni adabu tu: mtu aliyekupa kiti na maji ya kunywa ofisini kwake humwaniki kwa jina, hata kama hakukupa jibu. Ya pili, mwambao huu wote kila mji ulikuwa na jumba lake la sinema, na sina shaka msomaji wa mji mwingine atadhani nasema la kwao. Ninyi wenyewe mnajijua. X yenu imepigwa kwa rangi nyekundu kushoto mwa mlango, chini ya dirisha la tiketi.

Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Naandika kwa niaba ya watu waliojaza madaftari matatu ya saini, wengine kwa dole gumba. Malalamiko yetu ni haya.

1. Barua zisizojibiwa

Ya kwanza tuliipeleka kwa mkono, tukaambiwa tusubiri siku 14. Ya pili, mkubwa alikuwa safarini. Ya tatu, faili halikuonekana, mpaka kijana wa masjala, Mungu amjalie, alipolivumbua chini ya faili la machinjio. Ya nne hatukuambiwa lolote. Kusubiri si neno. Nimefundisha darasa la kwanza, kusubiri nakujua. Linalotuuma ni kwamba sisi tukisubiri, kazi ilikuwa inaendelea.

2. Ukumbi kufanywa ghala

Asubuhi moja lilikuja lori likashusha saruji. Hapakuwa na mkutano wa mtaa, hapakuwa na karatasi ubaoni. Mwenyekiti wetu wa mtaa alijua kama tulivyojua sote, kwa kuona vumbi. Viti vilikuwa vimeng'olewa wiki moja kabla, vile vya mbao vya kukunja, vyenye vibati vya namba mgongoni, vikarundikwa kwenye kirikuu na kuondoka. Projekta mbili za mikanda ziliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo. Mashine ambazo mzee mmoja alizipaka mafuta kila siku ya kazi yake zilipandishwa mzani uleule wa masufuria yaliyotoboka.

Sisi si watoto, waheshimiwa. Tunajua sinema ilikuwa imeshadhoofu kabla hata mmoja wenu hajaingia ofisini. Kanda za video zilianza kuingia majumbani miaka ya 80, na televisheni ilipofika Tanzania Bara mwaka 1994, waliobaki kupanga foleni ya tiketi walikuwa wa kuhesabika. Hilo hatuwashtaki nalo. Lakini pazia la sinema liliposhuka, mlango haukufungwa. Humo tumefanya harusi, taarabu, mahafali ya shule na mikutano ya vyama vyote bila kubagua rangi ya bendera, na msimu mmoja wa masika tulilaza humo familia zilizoingiliwa na maji. Mlango ulifungwa siku ile ya lori.

3. Filamu yetu kuzuiwa

Hapa mtaniwia radhi, nitakawia kidogo, maana ndipo penye kidonda.

Mwanzo wake ni filamu ya watu wengine. Kijana mmoja wa mtaani alituletea kwenye kompyuta yake filamu ya hali halisi kutoka Sudan, Talking About Trees, ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Suhaib Gasmelbari. Ni habari ya wazee wanne, waongozaji wa filamu wa enzi zao, marafiki wa miaka mingi. Mwaka 1989 walianzisha kikundi chao cha filamu, na mwaka huohuo Omar al-Bashir akapindua nchi na mambo yao yakafungwa. Sasa uzeeni wanataka jambo moja: kufungua tena jumba la sinema lililochakaa kule Omdurman, waonyeshe filamu usiku mmoja. Wanafagia. Wanapanda juu kutazama skrini. Wanazunguka wakiwauliza vijana wangependa kuona nini. Wanakaa kwenye viti vya ofisi wakingoja kibali, wanaambiwa nendeni kwa fulani, fulani anasema rudini kwa yule. Wakipanga saa ya kuanza, adhana zinalia misikiti kadhaa kwa mpigo na wao wananyamaza wakitabasamu, wakihesabu. Kibali hakikupatikana. Filamu yao ilipata tuzo kubwa Berlin Februari 2019, na Aprili Bashir akaondolewa madarakani.

Tuliitazama watu tisa, kwenye kioo cha ukubwa wa sinia. Ilipokwisha hakuna aliyeinuka. Kisha fundi baiskeli wetu, mzee wa mji huu, akasema, "Wale ndio sisi, ila wao wana kamera."

Basi tukatafuta kamera. Mpiga picha wa harusi alitupa yake siku za katikati ya wiki, na vijana wakaongeza simu zao. Kazi ilichukua miezi saba. Kwa wale waliokataa kuionyesha bila kuitazama, nawasimulia yaliyomo.

Yumo huyo mzee wa baiskeli. Wakati wa ujana wake mji huu ulikuwa na kumbi mbili, na filamu mpya ikija, ilikuja nakala moja. Kwa hiyo kumbi zilianza kwa kupishana, kama ilivyokuwa Unguja: mkanda wa kwanza ukimalizika huku, unafungwa kwenye kopo lake na kukimbizwa kwa baiskeli kule, naye akirudi anakuta wa pili umeshakuwa tayari. Siku alipopata pancha njiani, ukumbi mzima ulikaa gizani stelingi akiwa ananing'inia kwenye jabali kwa mkono mmoja. Watu walipiga mluzi, lakini hawakutoka. Stelingi hafi, walijua.

Wamo mabibi wa Jumapili. Siku hiyo yalikuwapo maonyesho ya wanawake peke yao, zanana, na mama yangu hakukosa. Buibui lilivuliwa mlangoni, ndani ni gauni lililoshonwa kwa kumuigiza Nargis, nyota wa filamu za Kihindi, na mashindano ya nani kashonesha vizuri yalianza kabla hata taa hazijazimwa. Bibi mmoja anauimba mbele ya kamera wimbo wa filamu ya Kihindi, mwanzo mpaka mwisho, na Kihindi hajui hata neno. Kijana akamuuliza, bibi, maana yake nini? Akajibu, "Maana yake Jumapili."

Yumo na mlanguzi wa tiketi, siku hizi haji wa heshima zake. Alikubali kuhojiwa kwa sharti atazame pembeni. Sitamchoma zaidi ya hapo.

Na zimo dakika tatu za saruji. Nadhani hizo ndizo zinazowasumbua. Kijana alipewa ruhusa na mlinzi kuingia, akapita na simu yake polepole katikati ya mifuko, kutoka mlangoni mpaka penye jukwaa. Hakuna msimulizi wala muziki, njiwa tu darini. Hatukumtukana mtu humo. Kama picha ya saruji iliyokaa ukumbini ni matusi, basi aliyetukana ni aliyeiweka.

Kibali cha kuionyesha tunacho. Tuliomba kwa kufuata Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, tukalipa ada, ikakaguliwa, ikapewa daraja la watu wa rika zote. Tulipokuja kwenu kuomba ukumbi wenu wa mikutano kwa jioni moja, tena kwa kulipia, tulijibiwa kwa mdomo kwamba filamu "ina mwelekeo wa kuichafua ofisi." Tukatundika shuka uwanja wa shule. Hatujafika hata nusu, wakaja mgambo wawili na agizo la kuzima jenereta. Walikuwa wapole, nisiwasingizie. Mmoja alinisogelea akaninong'oneza tusizime mpaka baiskeli ifike.

4. Alama ya X

Wiki mbili baada ya usiku ule, X ikatokea ukutani. Haikuandikwa tarehe, wala namba ya kumbukumbu, wala nani kaamuru. Kila Mtanzania anajua maana ya X nyekundu, kwamba jengo litabomolewa, ila kwa desturi X hutanguliwa na notisi. Hii imekuja peke yake kama mgeni wa usiku. Tuliuliza, idara moja ikasema ni ya idara nyingine.

Najua majibu yatakayokuja, maana mengine nimeshayasikia koridoni.

Mtasema jengo ni hatari. Nilikuwa na hoja yangu tamu hapa, kwamba sakafu inayobeba mifuko ya kilo 50 iliyopangwa mpaka usawa wa kichwa haiwezi kushindwa na wanafunzi. Mhandisi mmoja anayetusaidia akanitoa ushamba: kwenye majengo ya namna hii mgonjwa huwa paa, si sakafu. Nimekubali. Na wala hatuchezei jambo hilo. Wote tuliona Beit el Ajaib, jumba lililosimama Unguja tangu 1883, sehemu yake ilivyoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 mafundi wakiwa kazini, na watu wawili wakapoteza maisha. Ndiyo sababu tunaomba ripoti. Kama kuna mhandisi aliyepanda kulikagua paa letu, tupeni alichoandika. Kama hajapanda mtu, basi neno "hatari" limetoka wapi? Na huyo mlinzi wa saruji anayelala chini ya paa hilo kila usiku, yeye kakatiwa bima?

Mtasema si jengo la kale. Kwa maandishi ya sheria, kweli mna pa kushika. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na letu lilijengwa miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Pili. Lakini sheria hiyohiyo inampa waziri uwezo wa kulitangaza jengo la baadaye kuwa la kuhifadhiwa. Anachohitaji ni kupelekewa ombi, na ombi lenye uzito ni lile linalotoka kwenu. Ukweli ni kwamba kwa kipimo cha 1863 hakuna jumba la sinema hata moja duniani litakalofuzu, maana sinema yenyewe ilikuwa haijazaliwa.

Mtasema kuna mwekezaji, na mji unahitaji fremu za maduka. Inawezekana. Dar es Salaam, uwanja wa sinema wa Drive-in Msasani leo ni Ubalozi wa Marekani. Kampala, iliyokuwa Norman Cinema iligeuzwa kanisa. Sina ugomvi na ubalozi, wala na kanisa, wala na duka la vitenge. Ila mtaa wetu una fremu ambazo hazijapata mpangaji tangu zimalizwe kujengwa, na ukumbi wenye jukwaa ni huo mmoja.

Mtasema watu siku hizi wana simu. Hili husemwa na watu ambao Jumamosi jioni hawapiti vibanda umiza. Vijana wenye simu hizohizo mfukoni wanalipa kiingilio, wanabanana kwenye benchi chini ya bati la moto, ili washangilie goli pamoja. Wanachokosa si picha, ni mahali.

Na mtasema hakuna fedha. Hilo nalijibu kwa uangalifu, maana humo ndimo wenzetu wengine walimoangukia. Mji wa Jenin, Palestina, ulikuwa na jumba la sinema lililofungwa mwaka 1987. Watu wa hapo na marafiki wa kutoka nje, akiwemo mwongozaji Mjerumani aliyelitengenezea filamu, walilikarabati kwa michango na kujitolea, likafunguliwa 2010 kwa sherehe kubwa. Mwaka 2016 likauzwa na kubomolewa. Walikuwa na skrini mpya, walikuwa na viti, ila ardhi haikuwa yao. Niliposoma habari ile nilikaa kitako. Kwa hiyo fedha tutazitafuta wenyewe, na ahadi za wafanyabiashara wa soko la samaki tunazo kwa maandishi. Ninyi tunawadai karatasi.

Kwa sababu karatasi za jengo hili zina utata. Mwenye kulijenga alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi. Mwaka 1971, serikali ilipotwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, nalo lilikwenda, likawa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 kazi za Msajili zilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Hapo katikati, au baada ya hapo, likaangukia mikononi mwenu. Lini, na kwa waraka gani? Kila tuliyemuuliza alitupa mwaka wake. Hatusemi si lenu. Tunasema mtu hapigi X kwenye nyumba kabla hajaonyesha hati.

Tunayoomba, basi, ni haya:

1. X ifutwe, au itolewe notisi yenye jina la aliyeiamuru na muda wa kukata rufaa.

2. Hati ya umiliki, mkataba wa ghala na ripoti ya mhandisi, kama ipo, vibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa mtaa ili kila mtu avisome.

3. Uitishwe mkutano wa hadhara kabla ya uamuzi wowote, siku isiyo ya gulio.

4. Ombi la kulitangaza jengo kuwa la kuhifadhiwa lipelekwe kwa waziri mwenye dhamana. Rasimu tumeshaiandika, inangoja barua yenu ya kuisindikiza.

5. Tupewe ukumbi kwa usiku mmoja, tuionyeshe filamu yetu humohumo ndani.

Mkiwa na uwezo wa kutimiza moja tu kwa sasa, timizeni la tano. Kwenye kamati tulibishana sana juu ya hilo. Wapo waliosema hati kwanza, filamu ni mapambo. Mimi nilisimama upande wa filamu. Madiwani walio wengi ni vijana, hawajawahi kuuona ukumbi ule taa zikizimwa. Mnapigia kura kitu mnachokijua kwa sura ya ghala. Njooni mkione kwanza, kisha kateni shauri lenu.

Maandalizi hayatawagharimu. Vijana watasogeza mifuko upande mmoja mchana na kuirudisha usiku uleule. Mwenye saruji tumeshaongea naye, hana kinyongo, alichotaka ni turubai ya kuifunikia. Jenereta ya msikiti tumeazimwa. Kuhusu paa, mhandisi wetu ameshauri watu wakae nusu ya mbele tu, ambayo ameikagua kwa macho kutoka chini na kuiona nzima. Tukipewa ufunguo mapema atapanda juu, na akisema hapana, tutatundika shuka ukutani kwa nje, palipo na X, watu wakae barabarani. Mikeka tutabeba wenyewe. Ila viti viwili vya mbao vilinusurika siku ile ya kirikuu. Fundi seremala wa mtaani alivinunua kwa dereva kabla havijatoka mjini, akavifuta vumbi. Kimoja ameketi bibi wa Jumapili tangu tulipoanza maandalizi na haondoki. Cha pili tumekitenga kwa ajili yako, Mheshimiwa Mkurugenzi. Kiko safu ya mbele, karibu na mlango, ili ukiitwa na simu utoke bila kumsumbua mtu.

Tumechagua Jumapili ya kwanza baada ya mwezi kuandama, baada ya sala ya Isha. Ufunguo tutaufuata sisi wenyewe, saa na mahali mtakapotuambia.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Katibu,
Kamati ya Wakazi ya Kuutetea Ukumbi

Nakala:
– Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa
– Mlinzi wa ghala
– Ubao wa matangazo, soko la samaki
– Masjala (kwa ajili ya faili, likipatikana)